Anti wa Basi na Mikanda Mitano

Mimi na mama mkwe wangu tulikosana kwa sababu ya skrubu. Naanza hapo ili mtu asije akaniambia baadaye kwamba namsifu kwa kuwa ni mama wa mume wangu. Mimi simsifu mtu bure. Naitwa Joyline, nauza mitumba sokoni Embu, na ukiuliza pale sokoni ni nani ana mdomo, utaonyeshwa kibanda changu kabla hujamaliza swali.

Yeye anaitwa Cicily, lakini ukisema Cicily tu watu watakuuliza Cicily gani. Sema Anti wa Basi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ndiye mama anayepanda na watoto kwenye basi la shule, anawaketisha, anawafunga mikanda, anawashusha mmoja mmoja mlangoni kwa wenyewe. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia daktari mzima, mwenye kitambi na tai, katikati ya barabara, "Wewe Mbaka, bado unatoa kichwa dirishani?" Na daktari akajibu, "Hapana, Anti." Wanaomtania humuuliza kama hata mbinguni atafunga malaika mikanda. Yeye hujibu kwamba wanaopaa ndio wanaoihitaji zaidi.

Alipostaafu, shida ikawa yetu. Mama aliyezoea kuamka saa kumi alfajiri hawezi kukaa tu. Alipanga sufuria zangu upya, akapanga viatu, akaanza kunipanga hata mimi. Kwa hivyo mume wangu Kirimi aliponunua basi dogo kuukuu la viti ishirini na tano, nilifurahi, nikajua Mami, maana ndivyo tunavyomwita nyumbani, amepata kitu cha kumshughulisha. Lo! Sikujua ninachojiombea.

Kirimi ni fundi wa bodi za malori. Aling'oa viti vyote, akaweka vitanda viwili juu na chini, jiko la gesi la mafiga mawili, kabati na sakafu ya plaiwudi, viti vipya vichache vya kutukaa sisi, pazia la maua na meza ya kukunja. Ikawa nyumba kamili yenye magurudumu. Watoto wakaiita Keja, yaani nyumba kwa Sheng yao, na jina likashika. Mpango ulikuwa Desemba tuende Mitunguu, kwa mama yake Mami, bibi tunayemwita Cucu Angeline, tulale ndani ya Keja siku mbili shambani kwake, kisha tupande juu Meru tukaone baridi, ndipo turudi. Watoto walikuwa watano. Wangu ni wawili, Kawira wa miaka minane na Thuranira wa miaka minne. Watatu ni wa wifi yangu Winrose, ambaye hakupata likizo: Sheila wa miaka kumi, na mapacha wa miaka sita, Riungu na Kinyua, ambao sitawaelezea kwa sababu bado nimechoka.

Basi siku mbili kabla ya safari Mami akaingia ndani ya Keja kukagua. Nilikuwa nje naanua nguo. Nikasikia, "Kirimi! Hii ni nini?"

"Ni mkanda, Mami."

"Naona ni mkanda. Umefungwa na nini?"

"Na skrubu."

"Kwa plaiwudi?"

Kirimi akacheka, na hapo ndipo alipokosea. Akamwambia mama yake kwamba hiyo plaiwudi ni nzito, kwamba viti vimekazwa vizuri, kwamba watu wengine hawana hata hiyo skrubu, watoto wanalala kitandani gari likienda na hakuna aliyekufa. Mami akatoka, akapita kando yangu bila kuniangalia, akaingia stoo yangu, akatoka na gunia na kopo la kupimia.

"Mama Kawira, una maharagwe debe mbili?"

"Ninayo, Mami, lakini ni ya mbegu..."

"Lete. Debe mbili ni Sheila."

Alijaza gunia maharagwe yangu, akalishona mdomo, akalikalisha kwenye kiti cha Sheila, akalifunga mkanda. Akamwambia Kirimi, "Toa gari. Ukifika pale kwa mti, kanyaga breki ghafla. Usiniogope." Na mti wenyewe haukuwa mbali, wala Keja haikuwa imepata mbio ya maana. Kirimi akakanyaga. Weh! Nilisikia mlio wa mbao kupasuka, halafu kishindo, halafu mvua ya maharagwe. Skrubu zilikuwa zimeng'oka zote nne. Gunia lilikuwa limeruka juu ya meza, likavunja kabati ya vikombe, likapasukia mgongoni pa kiti cha dereva.

Kirimi alishuka na maharagwe kwenye kola ya shati. Mami akaokota maharagwe machache, akayashika kiganjani.

"Huyo ni Sheila," akasema.

Hapo mimi nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu ya mbegu zangu, na kwa sababu safari ilisongezwa mbele wiki nzima, na zaidi kwa sababu alikuwa na haki, na mtu mwenye haki anaudhi kuliko mwizi. Nikamwambia mume wangu usiku mmoja kwamba mama yake hataki tusafiri, anataka tukae nyumbani tufungwe mikanda kwenye sofa. Mami alikuwa jikoni na alisikia kila neno. Asubuhi akanisalimia kama kawaida na kunipa chai, jambo ambalo lilinikasirisha tena.

Lakini ile wiki Kirimi alifanya kazi ambayo hata mafundi wenzake walikuja kuiangalia. Alishusha viti vyote, akaweka vyuma chini ya sakafu, akapitisha boliti nene kama kidole gumba mpaka kwenye chesisi. Viti vyote vikaangalia mbele. Winrose akatuma kiti kipya cha mtoto kwa ajili ya Thuranira, chenye mikanda yake ya mabegani, maana kile nilicholeta mimi kutoka kwa mitumba Mami alikipindua mara moja tu, akaona ufa, akakikatakata kwa kisu ili mtu mwingine asikiokote. Kabati zikawekwa komeo. Gesi ikapewa mahali pake, imesimama, imefungwa mnyororo, na valvu inafungwa kabla injini haijawashwa. Halafu Mami akawakusanya watoto akawapa sheria, na sheria ilikuwa fupi.

"Keja ikisimama ni nyumba. Keja ikitembea ni gari. Kwa gari tunafanya nini?"

"Tunakaa!"

"Na mkojo je?"

"Tunasema mapema!"

Tuliondoka Embu siku ya Jumanne asubuhi, na jamani, raha niliyoipata siku ile sijui niipime na nini. Mimi nimelelewa nikijua safari ni kubanwa na mizigo ya watu. Sasa nimeketi kwangu, pazia langu linapeperuka, sufuria zangu zimetulia kwenye kabati, watoto wanaimba mpaka mapacha wanakauka sauti. Mashamba ya chai yakatupita, kahawa ikatupita, na kila tulipopunguza mwendo watu walinyanyua mikono. Nilipunga mkono kama mama wa gavana. Kirimi aliniona kwenye kioo akacheka mpaka Mami akamwambia aangalie barabara.

Karurumo tulisimama kunywa chai. Sheria ya kushuka ni kwamba kila mtoto anashuka upande usio na barabara na kuweka kiganja kwenye ubavu wa Keja mpaka aitwe. Sasa hebu wewe fikiria: gari jeupe, lina pazia, watoto wamejipanga mkono ukutani, na mama mmoja mwenye sauti anawaita kwa majina. Kabla chai haijachemka kina mama watatu walikuwa wamejipanga nyuma ya Sheila na watoto wao wachanga. Mmoja akaniuliza, "Daktari, ni chanjo ya nini leo?" Nikacheka nikamwaga maziwa. Mami hakucheka. Alikagua wale wachanga wote, akawaambia mama zao kliniki ni lini, na mmoja akamsuta kwa kumpakia mtoto kwenye pikipiki mbele ya dereva. Tuliondoka tukishukuriwa kwa matibabu ambayo hatukutoa.

Kule Nithi, kwenye ule mteremko, nyimbo zilikoma zenyewe. Kila mtu wa upande huu anaujua, umeua watu wengi. Kirimi aliingiza gia ya pili juu kabisa, kabla hata ya kuanza kuteremka, na malori yakatupigia honi nyuma, na Mami akasema tu, "Wacha wapige." Tulishuka taratibu, tukavuka daraja, tukapanda ng'ambo. Thuranira akauliza kama sasa anaweza kupumua. Nkubu tukakata kulia, tukaanza kushukia joto la Mitunguu, na migomba ikaanza, pande zote mbili, mpaka upeo wa macho.

Cucu Angeline alitungojea barabarani. Ana miaka themanini na kitu, na bado hufungulia shamba lake maji mwenyewe, saa yake ya zamu ikifika, na jembe mkononi. Aliizunguka Keja mara mbili, akapiga bodi kwa kiganja, akasema, "Kwa hivyo mmekuja na nyumba yenu ili msilale kwangu." Tukacheka, tukamkumbatia, na watoto wakaanza kushuka. Mami akasimama mlangoni kama alivyosimama miaka kumi na tisa, akawa anagusa mabega yao, "Moja. Mbili. Tatu..."

"Cicily!" Cucu alikemea mpaka kuku wakaruka. "Unahesabu watoto wangu?"

Mkono wa Mami ukabaki hewani.

"Hata mbuzi zangu sizihesabu hivyo. Unamhesabia nani? Unataka nani asikie ni wangapi, aje achukue mmoja? Shule ilikuharibu."

Mimi ni wa Embu, na hata kwetu wazee husema hivyo hivyo, watu hawahesabiwi, utawaletea mkosi. Sisi wa siku hizi tunatabasamu tu. Lakini Mami, ambaye hajawahi kuogopa dereva, mwalimu mkuu wala mzazi mwenye gari kubwa, aliangalia chini akasema, "Pole, Mama." Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba na yeye ni mtoto wa mtu. Nikafurahi kidogo. Sitasema uongo, nilifurahi.

Jambo la kwanza Mami alilofanya baada ya salamu ni kwenda kuangalia bwawa. Cucu ana bwawa la kuhifadhi maji nyuma ya stoo, limetandikwa nailoni nyeusi. Mami aliwapeleka watoto wote, akamwagia maji kwenye ile nailoni, akamwambia Sheila ajaribu kuishika kwa mkono. Mkono ukateleza. "Mtu akiingia hapa hatoki," akawaambia. "Hata Baba Kawira hatoki. Nailoni haishikiki." Watoto wakaelewa, nadhani. Thuranira alikuwa anaangalia vyura.

Siku mbili zile zilikuwa tamu mno. Tulipika nje, tukala ndani, tukala nje, tukalala milango wazi pazia limeshushwa. Jirani wa Cucu, mzee Kathuri, alikuja kuomba kuonyeshwa kitanda kinavyokunjwa, akakaa mpaka akaonyeshwa mara nne. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, tukaanza kupakia, na hapo ndipo penye kisa.

Ukienda Mitunguu kwa mtu hutoki mikono mitupu, na kukataa ni matusi. Cucu alitoa mikungu ya ndizi, nduma, maembe, maharagwe ya kunilipa yale ya gunia maana alikuwa amesikia hadithi. Kila kilichoingia Mami alikifunga kamba chini ya kitanda. Mwisho ukaja mkungu mmoja mdogo wa ndizi tamu, umekatwa saa hiyo hiyo, unatoa utomvu. Mami alikuwa nje anaagana na mama yake. Nilikuwa na Thuranira mkononi anataka kukojoa, na utomvu wa ndizi ukishaingia kwenye kitambaa cha kiti ndio basi. Nikauzungushia shuka la Thuranira, nikauweka kwenye kiti chake, na ili usianguke nikaufunga mikanda yake ya mabegani. Dakika moja tu, nikajiambia. Nikampeleka mtoto nyuma ya stoo.

Amemaliza tu, nikasikia Cucu ananiita nije nipokee kuku. Kuku wa kupewa na cucu lazima umpokee kwa mikono miwili. Nikamwambia Thuranira, "Kimbia kwa baba." Akakimbia kuelekea kwa baba. Nikapokea kuku, nikabarikiwa, nikatemewa mate ya baraka kifuani, nikalia, Cucu akalia, nikapanda nikiwa na kuku. Nilipoangalia nyuma nikaona shuka kwenye kiti cha Thuranira, nikasema kimoyomoyo, Kirimi amemfunga, na amelala kama kawaida yake baada ya chakula. Zile ndizi sikuzikumbuka kabisa.

Mami akapanda wa mwisho, macho yamejaa machozi, maana mama wa umri ule ukimuaga hujui. Akaanza kuinua kidole. Cucu alikuwa mlangoni pale anamwangalia. Kidole kikashuka. Badala yake akapita kiti kwa kiti, akavuta mikanda. Wa Sheila, umekaza. Wa pacha, umekaza. Wa pacha mwingine. Wa Kawira. Akapitisha mkono nyuma, akavuta wa Thuranira juu ya shuka, umekaza sawasawa. Mikanda mitano. "Twende," akasema.

Tulikuwa tumepanda karibu kilomita nane kuelekea Nkubu, watoto wanabishana nani atalala kitanda cha juu, Kawira akataka kumwamsha mdogo wake aamue. Akavuta shuka.

"Mama," akasema. "Mama! Thura amekuwa ndizi!"

Mapacha wakaangua kicheko. Hata mimi nilianza kucheka, haki ya Mungu, sekunde moja nilicheka. Halafu nikaona.

"Ako wapi? Kirimi, Thura ako wapi? Si ulimfunga?"

"Mimi? Si alikuwa na wewe?"

Mami hakupiga kelele. "Kirimi, washa taa za hatari. Punguza. Egesha pale kwenye kituo. Geuza ukiona pande zote." Mimi nilikuwa nimeshashika simu. Nikampigia Cucu. Mteja hapatikani, maana simu ya Cucu huwashwa Jumapili tu. Nikampigia mzee Kathuri, ikalia mpaka ikakata. Nikapiga tena. Na kila ilipolia nililiona lile bwawa. Cucu anaamini mtoto ako na sisi. Hakuna mtu hata mmoja duniani aliyekuwa anamtafuta Thuranira saa hiyo.

Keja ikageuka, na Kirimi akakanyaga mafuta. Tuliruka tuta moja, kuku akapiga mayowe.

"Arobaini," Mami akasema.

"Mami, ni mtoto wangu!"

"Ni mjukuu wangu. Hapa ndani mna wanne. Arobaini, na gia ya pili kwenye mteremko."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilimwambia ana roho ya chuma, nilimwambia basi la shule lilimkausha, nilimwambia kama ni damu yake angeendesha mwenyewe kwa miguu yote miwili. Nikafungua mkanda wangu nimwendee Kirimi, nimwambie akimbize. Mami akanisukuma kifuani kwa kiganja, akanirudisha kwenye kiti.

"Keti, Joyline. Funga."

Hajawahi kuniita Joyline. Siku zote ni Mama Kawira. Nikafunga, na nikamchukia, na nilipomtazama nikaona amelikumbatia kifuani lile shuka la Thuranira, na utomvu wake. Kirimi alikuwa analia anaendesha. Sindano ilikuwa arobaini.

Tulipinda kona ya tatu tukakuta majani. Ya migomba, yametupwa barabarani kuwaonya madereva, mawili, matatu, na hatua chache mbele yake lori la ndizi limeharibika, limeziba upande wetu wote, na ng'ambo pikipiki inapanda na abiria. Kirimi akakanyaga breki. Mikanda ikatushika vifuani, sisi sote. Mapacha walitoa sauti moja. Komeo za kabati ziligonga zikashika, gesi haikusogea, na Keja ikasimama mbele ya lile lori, karibu kiasi cha kusoma maandishi madogo ya nyuma. Yule wa pikipiki akapita akitutazama kwa mshangao. Mimi nikaushika mkanda wangu, ule niliokuwa nimeufungua. Kirimi akangoja barabara iwe wazi, akazunguka, akarudi arobaini.

Sasa ningekuwa najua kusimulia vizuri ningekuambia zile kilomita zilizobaki zilikuwaje. Nilimwomba Mungu kwa Kiembu, nikamwomba kwa Kimeru cha kuokoteza nikidhani labda huku ndiko anakisikia. Simu ya mzee Kathuri ililia, ikakata.

Ndipo Sheila, aliyekuwa dirishani, akamwambia nyanya yake, "Shosho, si yule ni Cucu?"

Alikuwa anakuja katikati ya barabara ya vumbi inayotoka shambani kwake, ameinama mbele, anatembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona. Mgongoni amebeba kitu. Kirimi akasimamisha gari, Mami akasema, "Shuka," na mimi nikaruka. Thuranira alikuwa amefungwa mgongoni mwa Cucu kwa leso, mafundo mawili kifuani, mtoto wa miaka minne miguu inaning'inia mpaka magotini mwa yule mama. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu. Mwingine haukuwa nacho.

Nilianguka pale pale vumbini nikamshika ule mguu usio na kiatu.

"Nilimkuta kwa maji," Cucu akasema, anahema. "Kiatu kinaelea katikati. Amelala kwa tumbo anakinyooshea kijiti. Ananiambia, Cucu, ngoja kidogo, nakaribia." Akakaza fundo la leso. "Nilienda kufungulia maji tu. Zamu yangu ilikuwa kesho, jirani amenipa ya leo."

Nikasema, "Ni mimi. Nilifunga ndizi kwa kiti chake."

"Na mimi nikazivuta," Mami akasema nyuma yangu. "Nikasema zimekaza."

Cucu akamwangalia binti yake. "Hukuhesabu?"

"Uliniambia nisihesabu, Mama."

Mzee Kathuri alikuwa amefika, na kina mama wawili waliokuwa wakiuza maembe. Cucu alisimama, Thuranira anamchezea sikio kutoka nyuma. Nilidhani atakemea. Nilidhani atasema mkosi huu uliletwa na kule kuhesabu kwa siku ya kwanza.

"Washushe," akasema.

Watoto wakashuka, wakaweka viganja kwenye ubavu wa Keja bila kuambiwa.

"Hesabu, Cicily. Kwa sauti."

Mami akainua mkono, akafungua mdomo, na mama huyu ambaye amehesabu watoto wa watu asubuhi na jioni kwa miaka kumi na tisa hakuweza kupita wa kwanza. Alisema "Moja" akamshika Sheila kichwa, na machozi yakatoka yale ambayo hakuyatoa barabarani. Mimi nilisimama nikamshika kiuno. Nilitaka kumwambia pole kwa maneno yale, na nilimwambia, lakini nadhani hakunisikia.

Basi Cucu akasogea mwenyewe. Akaweka mkono wake mkavu wenye udongo juu ya kichwa cha Sheila, akaanza upya, kwa Kimeru, kwa sauti ambayo ilifika mpaka kwa wale wa maembe. Moja. Akamgusa pacha, mbili. Pacha, tatu. Kawira, nne. Akapeleka mkono nyuma ya bega lake, akampapasa Thuranira shavu, tano. Tukadhani amemaliza. Akamgeukia Kirimi, akamvuta kichwa kishuke, maana ni mrefu, sita. Akaniwekea mimi mkono, na ulikuwa mzito na wa moto, saba.

Halafu akamfikia Mami, ambaye ana miaka sitini na tatu, akampangusa machozi kwa kidole gumba, akamwekea mkono kichwani kama wale wengine wote.

"Nane," akasema. "Sasa nendeni."